Zamu ya Kidonge cha Saba

Saa mbili usiku Sravanthi kanikabidhi
daftari, kalamu na saa yake ya mkononi.
Komuraiah, usilale, kasema.
Kikizama, andika. Kikipasuka, andika.
Kisha akapanda pikipiki ya kaka yake
akaenda kulala Hanamkonda.

Mimi kazi yangu kuosha vyombo.
Mwaka wa kumi na moja huu naosha vioo vya chuo cha dawa,
na kabla yake nilibeba pilipili
sokoni Warangal, magunia mekundu mgongoni,
vumbi puani, kooni, mpaka ndotoni.
Kidonda nilikipata huko, au nilikuja nacho duniani.
Daktari anasema ni kijidudu kilichojipinda kama skrubu.
Mke wangu anasema ni hasira.
Nimewakubalia wote wawili.

Ndani ya bilauri kuna tumbo la uongo:
maji, tindikali, joto la mwili wa mtu,
na kasia dogo la chuma linalokoroga taratibu.
Nikakitumbukiza. Kikashuka
kama walivyoshuka kaka zake:
wa kwanza aliyelala chini kama kokoto,
wa tatu aliyeibuka, akavimba, akasambaratika,
wa tano aliyegoma dakika ishirini
akaja juu tumekwisha kumtukana.
Nikahesabu.
Sekunde arobaini na moja:
magadi yakachemka tumboni mwake,
povu likatafuta upenyo, gundi ikalinyima,
na kidonge, kwa pumzi yake kilichofungiwa,
kikapanda.

Jambo dogo, mtasema.
Basi hamjameza dawa saa nne
mkajua saa sita imekwishapita zake.
Tumbo ni mwenye nyumba asiye na subira,
hufagia wote nje, wabaya na wema.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndiyo,
lakini mgeni wangu hapati hata mkeka;
hupita sebuleni amebeba mzigo wake
akaenda kuufungua utumboni,
kwa watu wasioumwa.
Sravanthi anatafuta mgeni wa kukaa,
aliyejifunga boya kiunoni,
atoe alichokuja nacho
kidogo
kidogo
hadi asubuhi.

Saa tano: kinaelea.
Saa saba: kinaelea, kimenona,
cheupe kama jicho la samaki aliyeiva.
Saa nane kidonda changu kikaamka. Ndiyo saa yake.
Nikanywa mtindi alionifungia Lachamma,
nikameza kidonge changu cha rupia nne
na nikakisikia, naapa, kikizama.
Tukatazamana, mimi na bilauri,
matumbo mawili chumba kimoja,
na la uongo ndilo lenye bahati.

Kabatini mna mkebe wa kundi la saba,
vidonge arobaini, na kabati halina kufuli.
Nilisimama pale.
Sitasema nilisimama muda gani; hilo daftarini halimo.
Nikakumbuka havijafika hata kwa sungura.
Nikakumbuka baba yake Sravanthi na nyati aliyeuzwa kwa ajili ya ada.
Nikarudi kitini, nikaandika: saa tisa, kinaelea.

Saa mbili asubuhi kimebaki utando,
gamba la kitunguu, lakini juu.
Akaingia nywele zimelowa, akasoma,
akaruka kama mtoto aliyeona mvua.
Lini dukani? nikamuuliza.
Akahesabu kwa vidole: sungura,
wazima wa kujitolea, wagonjwa, serikali,
fedha za kiwanda kisichojulikana bado.
Vidole vikamwisha, akaanza upya mkono wa kwanza.

Nikachukua bilauri kwenda kuiosha.
Mabaki yake yakaninata kidoleni,
ute mwepesi, mkaidi,
haukutaka kwenda.
Nikaacha bomba limefungwa kwanza.