Mzizi wa Kurudi

Kazi yangu ni kukata.
Kisu cha Bi Guo ni kizito kama deni,
na mzizi uliolazwa kwenye mvuke usiku kucha
hukubali: vipande vyembamba
vinavyopitisha mwanga wa dirisha la Mwanjelwa.
Harufu yake si ya kwetu. Ni ya asali
iliyosahauliwa uvunguni.

Wateja wanauliza, nami nimeshakariri:
ni wa wanawake kwanza. Damu iliyokonda huinenepesha,
iliyoganda huitembeza. Siku zikija na maumivu,
siku zisipokuja kabisa,
mgongo ulioingiwa na baridi ya uzazi.
Mwenye mimba, hapana. Anayeharisha, angoje.
Mama Ambakisye wa vitenge alinunua gramu hamsini
akaninong'oneza: na wivu, unatibu?

Mama yangu kule Masoko ana mizizi yake,
haina droo wala mizani.
Huchimba upande mmoja wa shina,
huacha nusu, hufukia, hushukuru.
"Mchina naye huacha nusu?"
Sikujua. Kwetu hufika mikavu, ndani ya gunia,
haina shimo la kuliuliza.

Lwitiko alikuja Pasaka, siku tatu,
akarudi Chunya kwenye duara lake;
dhahabu humwambia kesho, mwaka wa pili sasa.
Julai, umande wa barafu ulipounguza viazi vya Uyole,
mimba ilitoka.
Sikumwambia mtu.
Bi Guo alitazama ulimi wangu tu.

Alifunga duka saa tisa. Akachemsha
nyama ya kondoo wa Umalila, tangawizi,
na vipande nilivyokata mwenyewe asubuhi.
"Kunywa."
Uchungu kwanza, halafu utamu, halafu jasho.

Nikauliza, danggui maana yake nini.
Akatafuta Kiswahili kama mtu atafutaye sarafu
kwenye mfuko uliotoboka:
"Imempasa kurudi."
Nani?
"Damu." Akasita. "Watu wa zamani walisema, mume."
Tukacheka sana. Mimi nikapitiliza, nikalia.

Ukutani kalenda yake ni ya mwaka uliokwisha zamani:
mlango mwekundu, theluji juu ya vigae.
"Na wewe, Bi Guo, miaka mingapi?"
Alichukua kipande ubaoni, akakitafuna kikavu,
kisha akanisogezea kisu:
vyembamba zaidi. Kesho ni siku ya gulio.