Rangi ya Kwanza

Wadi Kabir, saa nne asubuhi, bati limeshaanza kulia kwa joto.
Kunjumon amevua boneti, ameiegemeza ukutani
kama mlango wa nyumba iliyohamwa.
"Dada Zuwena," ananiambia kwa Kiarabu chake cha gereji,
"hii injini si yake."

Silinda nane, sawa. Ngurumo, sawa.
Lakini namba ya kwenye bloku haisemezani na namba ya bodi.
Marehemu baba aliapa, kila Idi, kikombe cha kahawa mkononi,
kwamba Shevele hii ya mwaka sabini
aliinunua Kuwait nzima, haijaguswa moyo.
Nampigia mama. Kimya.
Kisha kicheko chake kile cha Kiunguja:
"Moyo ule ulipasuka njiani, karibu na Ibri.
Huo uliomo ni wa gari la kubebea maji.
Baba yako alinikataza kusema."

Basi.
Milango miwili, paa gumu, mgongo unaoteremka hadi buti
kama bega la mtu anayevua kanzu:
hapo hapana ubishi, bodi haijui kusingizia.
Ubishi ni rangi.
Mundhir, kutoka Dubai, anataka nyeusi na mistari miwili myeupe,
gari la nguvu livae nguvu.
Mume wangu anasema nyeupe, jua la Maskati halina adabu.
Mwanangu anataka zambarau, na hakuna aliyemuuliza.

Kunjumon hasemi. Anapiga msasa.
Nyeupe ya miaka ya shule zetu ikatoka unga, kama wa muhogo.
Chini yake nyekundu, ya ujana wa baba, kabla yetu.
Chini yake kijani cha Mkuwaiti nisiyemjua,
halafu puti, kutu, kovu la ajali ambayo hakuna aliyeisimulia.
Na kwenye ukingo wa ndani wa mlango,
mahali mafundi wote walipopitia uvivu,
kipande sawa na kiganja:
rangi ya mchanga.

Nikadhani ni vumbi. Nikatia mate, nikasugua. Haikutoka.
Nyuma ya injini kuna kibati, kimechongwa tarakimu mbili;
tukazitafuta kwenye kitabu cha rangi cha Kunjumon,
kurasa zimegandana kwa grisi.
Mchanga wa Jangwa, ndivyo inavyoitwa.

Kuna mtu, huko Marekani, theluji magotini,
aliwekewa fomu mezani:
samawati, damu ya mzee, kijani cha msituni, dhahabu.
Akatia tiki jangwa asilopata kuliona.
Gari likaja jangwani kweli,
na kila aliyelipata akalipaka kitu kingine.

Nimelipa riali mia nne na ishirini.
Jioni Mundhir kapiga simu:
"Pesa zote hizo, umenunua vumbi?"
Nikamwambia ndiyo,
makoti matatu,
na vanishi juu.