Shingo Mbili

Sikujua kwamba mwanamke ana shingo mbili.
Ile ya juu niliijua: ilibeba makala
kutoka Katuba hadi soko la Kenya,
ilibeba ndoo, ilibeba mafunda ya kilio.
Ya pili hakuna aliyenitajia
mpaka ilipoanza kuvuja.

Miezi saba nilifua vitambaa usiku,
nikavianika nyuma ya kabati
Kunda asivione.
Mchungaji alisema ni deni la bibi yangu.
Nikalilipa: mbuzi mmoja, mafuta chupa mbili.
Damu haikusoma risiti.

Daktari Kabwiz akachora nyuma ya bahasha:
hii nyumba, huu mlango, hii shingo yake.
Uvimbe umeshavuka mlango, akasema, umeshika ukuta.
Kisu kimechelewa.
Kisu tu, mama. Sisi bado.

Sasa nina nukta tatu za wino kiunoni,
ndogo kama mbegu za lengalenga.
Kila asubuhi Nshimba, kijana wa mashine,
anazitafuta kama mpima viwanja atafutavyo vigingi.
Anaona picha yangu ya ndani kabla hajawasha.
Mionzi inapindwa, anasema, ifuate umbo la uvimbe,
iwapite majirani bila kubisha hodi.

"Mashine za zamani zilikula kobalti," akaniambia.
Kobalti!
Ile iliyomfukia kaka yangu Ngoie
shimoni, upande wa Ruashi, mwaka wa mvua nyingi,
tukazika koti lake na kiatu kimoja.
Kumbe ilikuwa inakwenda pia kutibu watu mbali huko.
"Na hii?" Nikauliza.
"Hii inakula umeme."
Basi umeme ukikatika tunangoja,
wanawake watano kwenye benchi moja,
vibofu vimejaa kama ndoo za bombani,
maana kibofu kikijaa, utumbo unasogea, hauungui.
Mama Mbuyu akianza kutuchekesha
tunamtukana yeye na ukoo wake wote.

Alhamisi ni siku ya dripu.
Ijumaa bukari ina ladha ya msumari.
Sikudanganyi, kuna usiku
ninaomba mbuzi wangu arudishwe.

Wiki ya sita watanilaza chumba cha mwisho.
Punje ya mionzi, ndogo kama ya mchele,
itapita kwenye mrija mpaka pale pale, shingoni,
na wote watatoka, mlango mzito utafungwa,
nitabaki na sauti ya Nshimba ukutani:
Usitikisike, mama. Dakika kumi.
Nimezaa watoto wanne pale.
Sijawahi kuwa peke yangu pale.

Leo Kunda amekuja.
Hajakanyaga hapa tangu alipohamia kwa mdogo wake
kwa sababu ya harufu, ingawa alisema ni kazi.
Ameketi mwisho wa benchi, ameshika chupa yangu,
anasoma maandishi yake kama barua.
"Umekunywa?"
Nimekunywa.
Nimejaa, Kunda. Usiniongeleshe.
Waulize tu kama umeme umerudi.