Arobaini

Nyuzi arobaini chini ya sifuri.
Pumzi ikitoka kinywani inaganda,
inadondoka kwa mlio mdogo,
kama mtu anayemimina mtama chumba cha pili.
Mimi rubani, miaka ishirini na minne, kofia mpya,
nimekwisha panda, nimekwisha funga mkanda,
na nje Aitalina bado anaizunguka ndege
kama mnunuzi asiyemwamini muuza farasi.

Tulikuwa na abiria tisa, magunia ya barua,
samaki walioganda wamesimamishwa kama kuni,
na mwalimu Matryona, mimba ya miezi minane,
anakwenda kujifungulia mjini kwa dada yake.
Mchuuzi wa manyoya aligonga dirisha kwa pete:
"Huyo mama anatafuta nini? Sindano?"
Tukacheka.
Mimi nilicheka zaidi.

Yeye na kijana wa mafuta walishika kamba,
huku mmoja, kule mmoja, juu ya bawa,
wakaivuta mbele na nyuma
kama wapasua mbao kwenye msumeno mrefu,
na sakitu ikamwagika, nyepesi,
nyembamba kuliko utando wa ndani ya yai.
Upepo si ungeipeperusha? niliwaza.
Nilikuwa bado mdharau mwiba.
Sikujua bawa hubebwa na umbo lake,
na umbo huharibiwa na kitu kisicho na uzito.

Kisha akavua glavu. Kwa baridi ile!
Vidole vinne; cha tano alikiacha kwenye chuma
majira mengine.
Akagusa kila bawaba, kila pini,
akachungulia mrija unaoonja upepo
na kuuambia ukweli mshale wa mwendo.
Karatasi ilikuwa mfukoni. Hakuitoa
mpaka mkono ulipomaliza kusoma.

Mwisho akakinga mafuta kutoka chini kabisa ya tangi
kwa chupa ya jemu,
akaiinua kwenye taa.
Akatikisa. Akangoja.
Nikamwona hasogei.

Punje tano, sita, kama za chumvi.
Barafu.

Hakupiga kelele.
Alimwaga, akakinga tena: punje.
Akakinga tena: punje mbili.
Akafungua chujio, akalipangusa, akalirudisha,
akakinga hadi chupa ikawa safi kama jicho la mtoto,
na ndani ya ndege watu wanalaani, wanapiga miguu sakafuni,
na mimi nimetazama saa mara kumi na moja.
Dakika arobaini.

Tukaruka. Hakuna kilichotokea.
Huo ndio mkasa wenyewe, hauna zaidi:
injini iliunguruma juu ya milima yote,
mchuuzi akakoroma,
Matryona akala tufaha, nusu akanipa mimi.

Usiku, kwenye chai, nilimuuliza Aitalina.
Akanieleza habari za Prokopi, kaka yake.
Karatasi ya ukaguzi ya siku ile haikuwa na dosari,
kila kisanduku kina alama,
wino mmoja, mkono mmoja, pumzi moja,
imejazwa kando ya jiko;
glasi ya chai imeacha duara pembeni.
Ndege ilionekana mwezi wa tano, theluji ilipopungua.
"Arobaini yake," alisema, "tuliisoma bila mwili."
Akaongeza sukari. Akakoroga muda mrefu.

Aitalina hayupo sasa.
Ajali alizozizuia hazina msalaba wala gazeti,
hakuna anayejua idadi yake,
hata yeye hakujua.

Jana, kaunta ya tiketi, binti mmoja mpya
aliniuliza kwa nini safari imechelewa.
Kifuani jina: Kunnei. Macho ya mwalimu Matryona,
hata ile namna ya kuinamisha kichwa.
Nilikuwa na kamba begani.
"Sakitu," nikasema.
Akapandisha mabega, akashusha pumzi ya mtu
aliyechoka kungojeshwa na wazee wenye kamba.

Mwache achoke.
Nikatoka nje, nikavua glavu.