Mtulinga

Chini ya turubai, kuku ametaga mayai matatu
juu ya kiti cha pikipiki.
Nimeyahamisha moja moja kwa mkono wa kushoto,
ule ambao daktari wa Bahi aliukataza ndoo.
Kuku ananitazama kama mpangaji aliyefukuzwa
bila notisi.

Wiki tisa. Tangu mvua za Januari,
tangu lile tope jeusi la mbugani, baada ya Kigwe,
tope lisiloonya,
linalokupokea kama godoro, kisha linakung'ang'ania mguu.
Niliusikia mtulinga ukikatika: tak,
mlio mdogo, kama mtu anavunja kijiti awashe moto.
Chupa ya chai ilibingirika na chanjo ya kideri ndani,
dozi mia mbili, barafu bado haijayeyuka.
Nikakaa pale kwenye maji, nahesabu kuku wa watu.

Walikuja kuhesabiwa kweli. Banda kwa banda,
manyoya tu.
Hakuna aliyenilaumu kwa mdomo.

Mume wangu, Mahinyila, aliuficha ufunguo
ndani ya debe la uwele, akidhani
mwenye mkono mmoja hapepeti nafaka.
Niliuona siku ya kumi.
Nikaufukia tena.
Nikamwachia ushindi wake,
na hofu yangu nikaipa mahali pa kulala.

Leo nimeuchimbua mbele yake.
Amekoroga mlenda hadi ukavutika kamba, hajasema neno.
Kisha: "Tairi la nyuma halina upepo."
Pampu tayari alikuwa nayo.

Petroli imechacha. Panya amekula waya wa honi.
Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kikohozi.
Ya tano mguu umeteleza, chuma kimenichapa ugoko.
Ya saba: moshi wa bluu, vifaranga huku na huku,
na mwili wangu wote ukakumbuka
kwamba unaweza kufa.

Mvua imepumzika tu, haijaondoka.
Njiani vidimbwi, kila kimoja na kipande chake cha wingu,
na sijui kina cha hata kimoja.
Naenda gia ya kwanza, mwendo wa mwenda kisimani.
Watoto wa shule wananipita kwa miguu,
viatu mkononi. "Mbukwenyi, daktari wa kuku!"
"Mbukwa," najibu, meno nimeyabana,
vidole viwili vimeilalia klachi kama vinaatamia.

Baada ya stesheni, tope lile.
Lipo. Halijazeeka hata siku moja.
Marehemu kaka Chibehe, aliyenifundisha, alikuwa akisema:
kwenye tope usitazame tairi,
tazama unakokwenda, macho ndiyo usukani.
Mimi nimelitazama tairi.
Nimelitazama inchi kwa inchi,
miguu yote miwili chini kama bata,
injini inalia, matope magotini,
ninamtukana kila diwani tangu uhuru.
Huko si kuendesha.
Lakini nimetokea upande wa pili.

Nyumba ya kwanza, kwa mama Yudita,
amebaki kuku mmoja, tetea, shingo haina manyoya.
Namshika. Kidole changu bado kina mtetemo wa injini;
tone la kwanza limeangukia mdomoni.
La pili, jichoni. Amepepesa.
"Shilingi ngapi?" mama Yudita ameuliza,
anafungua pindo la kanga taratibu,
na mimi nimesema kesho, nimesema usijali,
nimesema maneno mengi kuliko kuku mmoja.

Nje matone yameanza tena juu ya bati.
"Mbona hujaizima?" anashangaa. "Si mafuta yanaisha?"
Namwambia ndiyo, yanaisha.
Simwambii kuhusu kiki ya nane.