Sikio la Ombati

Jumamosi, yadi ya Gichohi, Barabara ya Kiambu,
magari mawili yamesimamishwa pua kwa pua
kama mabondia siku ya kupimwa uzani.
La kwanza jekundu, fupi, limechutama,
lina turbo, gia sita za mkono
na eksozi mbili zinazojua kuwa zinatazamwa.
La pili lina rangi ya maji ya mchele.
Halina bomba, halina klachi, halina la kusema.

Nimekuja na kikokotoo na binti yangu Kerubo.
Kikokotoo kilishaamua tangu Jumatano:
petroli ya Ruaka hadi Viwandani, kwenda na kurudi,
na zamu zangu za Jumamosi,
ni karo ya muhula, na viatu juu yake.
Basi mbona mkono umeenda kwenye ufunguo wa lile jekundu?

Nikaliwasha. Ngozi ikanisisimka.
Ya kwanza, ya pili, miti ya Ridgeways ikaanza kukimbia,
ya tatu, kisha tuta!
Tumbo la gari likasugua lami
kwa sauti ya sufuria inayokwanguliwa ukoko.
Nilicheka. Kerubo hakucheka.
Mbele yetu foleni, lori la mchanga, mkokoteni wa punda,
na farasi wangu wote mia na themanini
wakasimama nyuma ya punda mmoja,
wakikojoa petroli.

Lile la pili nilidhani halijawaka.
"Limewaka, mama," akasema Gichohi, "kanyaga tu."
Tukatoka kama mtu anayeondoka harusini bila kuaga.
Nikasikia matairi. Nikasikia kwarara juu ya mikalitusi.
Nikamsikia Kerubo, kiti cha nyuma,
akijisimulia ugomvi wa dawati,
majina ya rafiki wawili nisiowajua.
Kumbe huongea njia nzima?
Miaka mitatu nampeleka shule
ndani ya kigari kinachokohoa, nikidhani ni mtoto mkimya.

Lakini baba yangu alikuwa Ombati, fundi wa Grogan.
Hakumiliki gari hata moja. Aliyasikiliza.
Aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni,
macho amefumba, grisi hadi kwenye nyusi,
kisha: "Vali."
Au: "Beringi. Ina wiki mbili."
Nilikuwa na miaka tisa, nimepanda kreti ya soda,
aliponipa mpini kwa mara ya kwanza.
Shamba lilichukuliwa na ami zangu. Mimi nilirithi hili sikio.
Nikinunua gari lisilo na kifua cha kupimwa
nitalipeleka wapi?

Wafubwa, mwangalizi wa jengo letu, naye ana lake:
"Orofa ya nne, Mama Kerubo! Waya utaushusha kama kamba ya ndoo?
Na stima ikipotea?"
Ikipotea tutalala, kama kila mtu.
Asubuhi yake ndiyo sina jibu.
Hatimaye ameniachia soketi ya chumba cha pampu, tokeni juu yangu,
mradi Bi Nduku wa namba tatu asijue.

Nikatia sahihi. La maji ya mchele.
Wino ulikuwa bado mbichi niliposema, ngoja,
washa lile jekundu tena. Fungua boneti. Nipe bisibisi.

Lilinguruma, na lilikuwa zuri, Mungu wangu,
lilipanda kwenye mpini hadi kwenye meno.
Nikafumba macho. Nikakaa hapo
kupita muda ambao mteja huruhusiwa.

"Silinda ya tatu," nikasema. "Inakosa pumzi kidogo, mara mojamoja.
Usimuuzie mtu kabla hujaitazama."

Gichohi akainama, akasikiliza,
akasema yeye hasikii kitu.

Kerubo alikuwa ameshaanza kutazama huku na huku
akitafuta kitu cha kupanda.