Umelalaje

Hadithi ilifika Isyonje na mafundi wa bomba,
watu wa Denmaki waliochimba mtaro hadi Ntokela.
Mmoja alimsimulia mpishi, mpishi akamsimulia mkewe,
na kufika kwetu ilikuwa imeloa ukungu
na imevaa gambuti.

Mwana wa mfalme anatafuta mke.
Usiku wa mvua msichana anagonga,
maji yanamtiririka hadi visiginoni, anasema: mimi binti mfalme.
Mama mtu hasemi neno. Anaficha njegere moja,
anarundika magodoro ishirini juu yake,
na asubuhi anauliza: umelalaje?
Sikulala, mama. Mwili mzima umevilia damu.
Basi. Akaolewa.

Ishirini, alisema mpishi. Mkewe akapunguza hadi kumi:
magodoro ishirini hana hata mkuu wa wilaya.

Mwalimu Sanga akaigiza kwenye mahafali ya darasa la saba.
Magodoro sita ya kuazima bwenini, moja linanuka mkojo,
na pa njegere akaweka kiazi
ili wazazi wa nyuma nao waone.
Mgeni rasmi alicheka, akasahau ukurasa wa hotuba.

Mchungaji akaichukua Jumapili: njegere ikawa dhambi,
ndogo, ya chini kabisa, isiyomwacha mtu alale.
Saluni kwa Subilaga, pale Uyole, binti mfalme hayumo tena,
amebaki mama mkwe peke yake,
na kila mwenye rola kichwani anamwongezea ubaya.
Juzi Ikupa wangu kanionyesha kwenye simu:
katuni, na njegere inaimba.

Njegere mimi nazijua.
Nimezimenya mpaka kucha zikageuka kijani.
Nimelala juu yake, magunia kumi na manne,
ndani ya fuso, usiku, barabara ya Makambako,
njegere elfu ngapi sijui chini ya mbavu,
na utingo anasema nilikoroma.
Kwa kipimo cha Denmaki
mimi si binti wa mtu yeyote.

Lakini nilipimwa.
Juni, mwaka nilioletwa kwa Mwakalobo,
baridi ya kuvunja chungu,
mama mkwe alinitandikia mkeka juu ya majani makavu,
na chini ya majani, usawa wa kiuno, palikuwa na kitu.
Nikageuka kushoto. Kitu. Nikageuka kulia.
Majogoo yaliwika nikiwa nayasubiri.

Alfajiri kabla hajapuliza moto: *Ugonile?*

Ndiyo salamu yetu. Umelala?
Tunaulizana njiani, bombani,
tunamuuliza hata mtu tunayemdai,
na jibu ni moja, uwe umekesha na mtoto mwenye homa
au umekesha ukisikiliza mlango usiofunguliwa.
Nimelala, mama, nikasema.

Akanitazama kwa muda.
Akaenda, akainua mkeka, akatoa gunzi la mahindi,
akalitia motoni, likashika.
*Na mimi nilijibu hivyo hivyo,* akasema,
akanipa uji.

Sikujua kama nimefaulu.
Miaka thelathini na moja, sijajua.
Wanasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake;
nimekilalia, nawajua kwa majina,
na kila asubuhi nimejibu: nimelala.

Ikupa anaolewa Septemba, kwa watu wa Tukuyu.
Ameniomba nimsimulie ile ya njegere, ya zamani, ya mpishi,
na mimi nikaiharibu kama wenzangu wote:
nikaondoa mfalme, nikaondoa mvua,
nikaacha msichana, na swali, na mdomo wake.
Akiulizwa anajibu alivyolala.
Ndiyo hadithi nzima.
*Halafu?* akauliza. Halafu sijui, nikamwambia,
hapo sijawahi kufika.

Jana nimemnunulia godoro Mwanjelwa, inchi sita, la maua.
Mwenye duka alikuwa anafunga kamba.
Nikamwambia ngoja,
nikaingiza mkono chini, nikapapasa kona hadi kona.
Hakuna kitu.
Nikapapasa tena.